Kabati la Sinki: Ukuta Kwanza, Duka Baadaye

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja: bafu. Watu wa Lamu na Malindi wanalitaka lile kabati la chini ya sinki, lenye droo na milango, wanaloliona katika maduka ya Mombasa na kwenye simu zao. Ni kitu kizuri, nami nimetengeneza mengi katika karakana yangu. Lakini mengi ninayoitwa kuyatazama baada ya masika kupita yamefura, yameinama upande mmoja au yananuka, na karibu kila mara kosa lilifanyika kabla kabati halijafika nyumbani. Barua ya kwanza nitaijibu kwa urefu, maana ndani yake mna karibu kila jambo. Zilizobaki nitazijibu kwa kadiri ya haja.

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Tunarekebisha nyumba ya marehemu babu yetu mtaa wa Mkomani, Lamu. Choo cha juu tunataka kiwe bafu la kisasa. Mombasa nimeona kabati la upana wa sentimita 80, la kuning'inia ukutani bila miguu, na sinki lake la kauri. Bei ni shilingi 38,000. Kaka yangu anasema tulinunue kabla halijaisha. Fundi wetu anasema ukuta hautalibeba. Mwashi mwingine anasema apige plasta ya saruji kwanza ili ukuta ukaze, ndipo tulitundike. Tumfuate nani?
— Dada wa Mkomani

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yangu. Mfuateni fundi wenu. Huyo ameutazama ukuta, wengine wametazama kabati.

Ukuta wa nyumba kongwe ya Lamu una unene wa nusu mita hivi, na unene huo ndio unaowahadaa watu. Wanadhani kitu kinene namna ile kitabeba chochote. Ndani yake ni vipande vya mawe ya matumbawe, vikubwa kwa vidogo, vilivyoshikanishwa kwa chokaa na mchanga, na usoni imepakwa plasta ya chokaa. Ukuta huo una nguvu kubwa ya kubeba mzigo unaoukandamiza kutoka juu: boriti, dari, ghorofa nzima. Hauna nguvu ya kushika kitu kinachouvuta kwenda nje. Kabati la kuning'inia huvuta kwenda nje usiku na mchana. Lenyewe pamoja na sinki lake na vilivyomo hupita kilo 40 kwa urahisi, kisha mtoto anapanda kujitazama kwenye kioo, mtu mzima anaegemea akisukutua, na zile skrubu nne zinatoka na bonge la chokaa. Hapo bado sijaitaja drili ya kugonga. Ikianza kutikisa, plasta huachana na mawe hata pale ambapo hukutoboa.

Huyo wa saruji mshukuruni, mwachane kwa wema. Chokaa inapumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini, na chumvi iliyomo ndani ya matumbawe yenyewe, hupita ndani yake ukatoka. Ukiufunika ukuta kwa saruji, maji yanabaki nyuma, chumvi inaganda kuwa fuwele, na plasta inaanza kutoka vibamba vibamba ikiondoka na uso wa jiwe. Tembeeni vichochoroni mtazame kuta zilizopigwa saruji miaka ya nyuma, hasa futi tatu za chini. Nyumba ya babu yenu imesimama muda wote huo kwa sababu ya chokaa. Isitoshe, Mji Mkongwe wa Lamu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, kwa hivyo kabla ya kubomoa au kutoboa ukuta kwenda nje, piteni ofisi ya Makumbusho ya Taifa mjini mzungumze nao. Nasema hivi kwa moyo, si kwa kuwatisha: nyumba hizi zikiharibiwa hakuna atakayeweza kuzijenga tena zilivyokuwa.

Basi tafuteni kabati la kusimama kwa miguu. Uzito uende sakafuni, ukuta ushike tu lisipinduke. Miguu iwe na kimo cha sentimita 15 hivi, ufagio upite, hewa ipite, na mchwa akianza safari yake mumwone. Mahali pa kufungia ukutani, mwambieni fundi achimbe tundu dogo kwa patasi, taratibu, atie kigingi cha mbao ngumu na kukijengea kwa chokaa. Kikishakauka sawasawa, skrubu iingie kwenye mbao. Vigingi viwili vinatosha. Hiyo ni kazi ya polepole, na hakuna kabati lililofungwa hivyo nililowahi kuitwa kulirekebisha.

Wapo watakaowaambia mjenge meza ya zege badala ya kabati, na chini mtie milango. Kwa choo cha chini ni shauri zuri sana, na mimi mwenyewe hulipenda kuliko kabati la dukani. Juu, hapana. Sakafu yenu ya juu imelala juu ya boriti za mikoko. Ndiyo sababu vyumba vya zamani ni vyembamba, boriti hazikufika mbali. Bamba la zege la sentimita 120 kwa 50, lenye unene wa sentimita 6, ni kilo 86 peke yake, kabla ya kuta za kulishikilia na kabla ya sinki. Na choo ndipo boriti huchoka mapema, kwa sababu ya maji ya miaka mingi. Kabla ya lolote, shukeni chumba cha chini, mtazame vichwa vya boriti vinapoingia ukutani. Zichomeni kwa bisibisi. Ikizama kirahisi, pesa za kabati ziende kwenye boriti kwanza.

Sasa vipimo. Chukueni chaki mchore kabati sakafuni, upana wake na kina chake kutoka ukutani, kisha mfungue mlango wa bafu wote. Msimame mbele ya ule mchoro. Kutoka kwenye mstari wa mbele hadi ukuta wa pili au birika, lile tanki la maji lililojengewa chooni, pabaki sentimita 60 tupu, na 70 ni bora, la sivyo hamtaweza kuinama kunawa uso. Kumbukeni pia kwamba droo hutoka nje. Watu hupima upana wakasahau kina, na katika vyoo vyetu kina ndicho kinachobana. Kabati nyingi za dukani zina kina cha sentimita 45 au zaidi; ziko za 35 hadi 40, na hizo ndizo za nyumba ya Lamu. Na kwa nini 80? Nyumba yenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, tayari ina mahali pa miswaki, mafuta na udi. Kabati la 60 litatosha kabisa.

Birika msilivunje. Najua linachukua nafasi, na najua vijana hawalipendi. Lakini maji ya Lamu yanatoka visima vya kwenye matuta ya mchanga ya Shela, na siku tanki likikauka birika ndilo litakalowaokoa. Waliojenga nyumba hiyo walitia samaki wadogo mle wale viluwiluwi vya mbu, na bado ni dawa nzuri. Kabati likae ukuta mwingine.

Kuna jambo ambalo hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyelitaja: maji yakishaingia kwenye tundu la sinki yataelekea wapi? Hili mlijue kabla ya kutoa shilingi. Bomba la maji machafu la sinki ni la inchi moja na robo, na linataka mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita moja. Likilala sawa, sabuni na nywele hukwama. Likisimama mno, maji hukimbia kwa nguvu yakavuta na yale yanayotakiwa kubaki kwenye kikombe cha chini ya sinki. Kikombe hicho, au kona ya bomba iliyopinda, ndicho kinachozuia harufu ya shimo isipande. Maji yanayobaki humo yawe na kina cha sentimita 5 hadi 7 na nusu. Msikubali fundi awawekee ule mpira wa mikunjo aunyooshe moja kwa moja hadi shimoni. Ni rahisi kufunga, na nyumba itanuka.

Pimeni pia bomba la kutolea maji liko kimo gani kutoka sakafuni, mwende dukani na hicho kipimo. Kabati lenye droo huwa na nafasi ya bomba nyuma ya droo ya juu tu. Bomba lenu likija chini zaidi, fundi atakata droo kwa msumeno, na droo iliyokatwa ukingo wake ndipo maji yatakapoanza kuingia. Ikiwa hamna hakika, chukueni la milango. Mabomba yote yapitisheni juu ya uso wa ukuta, kwenye kona, yafunikwe kwa ubao wa kufunguka kwa skrubu. Ndani ya matumbawe bomba likivuja, mtajua pale chumba cha chini kitakapolowa.

Mkishalinunua, sinki lisafiri peke yake, limefungwa kwa magodoro au nguo nzito. Dukani ligongeni kwa kifundo cha kidole: zima hulia kwa sauti ya wazi, lenye ufa hulia sauti iliyokufa. Ligongeni tena likishushwa Mokowe, kabla ya kuingia mashuani, ili likiwa limevunjika ijulikane limevunjikia wapi. Pimeni na ngazi zenu, hasa pale zinapopinda. Kabati linalofunguka vipande vipande hubebwa na punda bila taabu. Lililogongelewa zima huenda likabaki dakani, pale barazani mlangoni.

Kazi yenyewe ya kufunga ifuate mpango huu. Mabomba na koki za chini ya sinki zifungwe kwanza, na koki ziwe mbili ikiwa mna maji ya moto, kila moja ifunguke kwa mkono bila kulitoa kabati. Kisha kabati lisimamishwe na kupimwa kwa pimamaji pande zote mbili, mbele na ubavuni. Sakafu ya chokaa haijalala sawa hata siku moja, kwa hivyo vikalio vya miguu virekebishwe, kabati lisilazimishwe kwa skrubu za ukutani. Mfereji na kikombe vifungwe kwenye sinki likiwa bado chini, maana juu mkono haufiki. Ndipo sinki lipande, lilale kwenye silikoni, na ukingo wake na ukuta uzibwe kwa silikoni ya bafuni isiyoshika ukungu. Msitumie maji mpaka kesho yake. Kesho lijazeni sinki hadi juu, mtandaze karatasi kavu chini ya kila kiungo, mwachie maji yote kwa mpigo mmoja. Tone moja litaonekana kwenye karatasi. Fundi asilipwe salio kabla ya hapo, na fundi mwema hatachukia.

SWALI: Fundi, hujambo? Nina vyumba vya wageni Malindi, upande wa Casuarina. Mwaka juzi niliweka makabati meupe yanayong'aa. Sasa ukingo wa chini umefura, ngozi nyeupe inabanduka na bawaba zina kutu. Nataka kuweka mengine. Nitumie mbao gani?
— Mama wa wageni, Malindi

JIBU: Sijambo, mama. Makabati hayo ni ya MDF, yaani unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Ile ngozi nyeupe inaulinda uso, lakini maji hayaingii kupitia usoni. Yanaingia kwenye kingo zilizokatwa: chini kabisa, kwenye tundu la bomba, kwenye matundu ya skrubu za bawaba. Yakishaingia, ubao unakunywa kama mkate uliochovywa kwenye chai, na ukishafura haurudi. Dukani watakuonyesha ile yenye kijani ndani. Hiyo hustahimili unyevu wa hewa zaidi, lakini kustahimili unyevu si kustahimili mgeni anayemwagia maji bafu zima.

Huku kwetu ningekushauri mwarobaini. Unaota kila mahali pwani, mchwa hauupendi, na ukipigwa randa una rangi ya kupendeza. Taka mbao ya kiini, ile nyekundu ya katikati, si ile nyeupe ya kando. Na iwe kavu! Mwarobaini mbichi hupinda, na maseremala wengi siku hizi hawana subira. Uliza mbao imekaa kivulini tangu lini, itazame kama imepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite. Mvule nao ni mzuri na ghali zaidi. Mbambakofi ndio mfalme, lakini kwa bei yake na jinsi ulivyoadimika ningeuweka kwenye miguu na fremu tu. Mvinje mwachie mjenzi, hupasuka. Mbavu na rafu zinaweza kuwa plaiwudi ya baharini, inayogandishwa kwa gundi isiyoyeyuka majini.

Milango iwe ya vibao vya mlalo vyenye nafasi, kama madirisha ya kizamani, na mgongo wa kabati uachwe wazi. Kabati la bafuni lililofungwa kila upande katika hewa ya Malindi huota ukungu hata kama halikuguswa na tone. Kwa wageni unaweza hata kuacha milango kabisa, ukaweka rafu moja na vikapu vya ukindu. Wengi wanapenda hivyo, na wewe hutakuwa na bawaba za kubadilisha.

Mwambie seremala apake vanishi ya mashua kabla ya kuunganisha, kila ubao pande zote, na chini ya miguu apake mara mbili. Bawaba ziwe za shaba au za chuma kisichoshika kutu cha namba 316. Namba 304 ni ya kawaida madukani na inafaa bara, lakini karibu na bahari huanza kutoa madoa ya kahawia. Watu hujaribu kwa sumaku, na sumaku haitakutofautishia hizo mbili. Tafuta namba iliyopigwa kwenye chuma, au nenda kwa wanaouza vifaa vya boti. Wao wanajua chumvi ni nini.

SWALI: Bwana fundi, nimenunua kabati na mfereji wake kutoka kwa Mtaliano aliyekuwa anauza vitu vya nyumba yake. Mfereji ni mzuri ajabu lakini maji yanachuruzika tu. Fundi bomba ameufungua, hakuna takataka. Tanki liko juu ya dari ya bafu hilo hilo.
— Kijana wa Maweni, Malindi

JIBU: Kijana wangu, mfereji wako ni mzima. Tatizo ni kimo cha tanki. Kila mita moja kutoka maji ya tanki hadi mdomo wa mfereji hutoa msukumo wa karibu bar 0.1. Tanki la juu ya dari linakupa mita 2, basi una bar 0.2. Mifereji mingi ya Ulaya, hii ya mkono mmoja unaochanganya moto na baridi, hutengenezwa kwa miji ambako mabomba yana bar 1 hadi 3. Njia ya maji ndani yake ni nyembamba, na hozi zake pia.

Anza na kisichogharimu kitu: fungua kile kichujio cha mdomoni, kioshe, ujaribu bila yake. Kisha tazama koki za chini. Hozi za Ulaya mara nyingi zina ncha ya inchi 3/8, na fundi akikosa huunganisha kwa kipande chembamba kuliko bomba lenyewe. Ikiwa bado, una njia tatu. Kunyanyua tanki kwenye mnara ni gharama, na ili ufike bar 0.5 unahitaji mita 5. Pampu ndogo inafanya kazi, ila inataka umeme kila unaponawa. Mimi ningeuweka huo mfereji mzuri stoo na kununua wa shaba wa kawaida wa nusu inchi, wa maji baridi tu, wenye njia pana. Kwa Malindi maji ya baridi hayana ubaridi wa kumwumiza mtu.

Na hata ukifanya lipi, weka kichujio cha wavu kwenye bomba linalotoka tankini. Ikiwa unatumia kisima, mchanga huja na maji. Hata haya ya Baricho yanayoletwa kwa bomba, yakikatwa na kurudi, huja na tope lililokuwa limetulia njiani. Mifereji ya kisasa ina visahani viwili vya kauri vinavyosuguana ndani, na chembe moja ya mchanga ikivikwaruza, hautafungika tena sawasawa.

SWALI: Shikamoo ami. Mama yangu ana miaka 74 na anaishi nasi Shela. Magoti yanamsumbua. Akitawadha huinua mguu kwenye sinki, naogopa ataanguka. Tunataka kuweka kabati jipya. Liwe na kimo gani?
— Mwanawe, Shela

JIBU: Marahaba mwanangu. Mungu akulipe kwa kumwangalia. Swali lako ni la maana kuliko yote ya mwezi huu, na jibu lake haliko kwenye kabati. Hakuna kimo cha sinki kitakachofaa kunawa uso na kutia mguu. Sinki la mtu mzima hukaa sentimita 85 kutoka sakafuni. Mama mwenye miaka 74 kuinua mguu hadi hapo, sakafu ikiwa imelowa, ni hatari. Ukilishusha hadi atakapofika kwa mguu, nyote mtavunjika mgongo mkisukutua.

Mjengeeni kiti. Kiti cha jiwe na chokaa, au cha zege ikiwa bafu liko chini, kimo cha sentimita 45, kina cha 40, kimepigwa laini na kuinamishwa kidogo mbele maji yasituame. Mbele yake au ubavuni, mkono wake ulio na nguvu unapofika, pawe na mfereji wake mwenyewe kwenye sentimita 60, wa mkono wa kusukuma, si wa kuzungusha, maana vidole vya wazee hukaza. Ataketi, atanawa mikono, uso, mikono hadi viwikoni, atapaka kichwa, kisha ataosha miguu ikiwa chini bila kuinua hata mmoja. Sakafu hapo iteremke kuelekea kwenye tundu la maji, na iwe ya kukwaruza kidogo. Taili zinazong'aa msiziweke, hata kama zinalingana na kabati.

Atahitaji pia kitu cha kushika akiinuka. Chuma cha kushika ukutani ni kizuri kwenye nyumba ya matofali ya saruji. Kwenye ukuta wa matumbawe kitang'oka siku atakapokihitaji, kama nilivyomweleza dada wa Mkomani. Simamisheni nguzo ya mbao ngumu iliyolainishwa, itoke sakafuni hadi kwenye boriti, karibu na kiti. Aishike kwa mikono miwili. Baada ya hapo kabati likae kwenye 80 au 85, mpendavyo, na chini yake pakiwa wazi upande mmoja ataweza kusogeza kigoda akasafisha meno ameketi.

SWALI: Nyumba yangu ya Malindi hufungwa miezi ya mvua. Kila nikirudi bafu linanuka, hasa ukifungua kabati la sinki. Nimemwaga dawa za kila aina.
— Msafiri

JIBU: Maji ya kwenye kikombe cha chini ya sinki yamekauka, na harufu ya shimo inapita wazi. Dawa haisaidii kitu. Mwagia maji lita moja kwenye kila tundu, la sinki na la sakafuni, harufu itakatika siku hiyo hiyo. Ukitaka kusafiri tena, mwagia maji halafu kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake. Mafuta yanaelea na kuzuia maji yasikauke upesi. Usifunge milango ya kabati unapoondoka. Harufu ikirudi ndani ya siku chache na wewe upo nyumbani, inama utazame: huenda hakuna kikombe kabisa.

SWALI: Siki inaondoa ule utando mweupe kwenye mfereji. Je, naweza kuimwagia juu ya meza yangu ya terazo na kwenye sinki lote?
— Bi harusi, Langoni

JIBU: Kwenye sinki la kauri, sawa. Kwenye mfereji, chovya kitambaa, uuzungushie kwa dakika chache, usuuze vizuri, kwa sababu siki ikikaa mno hula ile rangi ya fedha. Kwenye terazo, marumaru au plasta ya chokaa, usithubutu. Utando mweupe ni chokaa ya maji ya kisima, na siki haijui kutofautisha chokaa ya maji na chokaa iliyomo ndani ya meza yako. Itakula zote mbili na mng'ao hautarudi mpaka fundi aje kuisugua upya. Hapo tumia sabuni ya kipande na maji, kisha uikaushe kwa kitambaa kila jioni, utando usipate nafasi ya kuanza.